Mbolea ya ruzuku Hongwe: ekari 3 zimeandikwa 0.3, na mchanga huu unataka mfuko gani?

Mchanga wa Hongwe

Assalaam alaikum wakulima, na hamjambo nyote.

Kipande changu cha shamba kiko Hongwe, Lamu Magharibi, ekari 3. Masika hii ekari 2 ni mahindi (mbegu ya PH4), ekari 1 ni ufuta. Udongo ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi huoni hata kidimbwi. Mahindi ya msimu uliopita yalianza vizuri, yalipofika kiunoni majani ya chini yakageuka manjano, yakaanzia nchani na kuingia katikati ya jani kama mkuki.

Ujumbe wa vocha ya ruzuku umefika, lakini naruhusiwa mfuko mmoja tu. Nimefuatilia, kumbe kwenye usajili ekari 3 zimeandikwa 0.3. Maswali yangu:

1. Kosa hili linarekebishwa wapi, na niende na nini mkononi? Shamba ni la familia, na karatasi zote bado ziko kwa jina la babu, naye ni marehemu. Ndugu yangu analima kipande cha pili.

2. Nikifanikiwa kurekebishiwa, nichukue mifuko gani na mingapi kwa mchanga huu? Jirani zangu wote wanachukua DAP (ya kupandia) na CAN (ya kukuzia), mfuko mmoja wa kila aina kwa kila ekari, kwa mazoea.

3. Depo ya mbolea ya ruzuku ni mbali. Ruzuku hii inabaki na maana ukishalipa usafiri?

Naomba hesabu kamili, tafadhali.

---

Karani wa Wadi

Waalaikum salaam ndugu. Nijibu la kwanza, maana hilo likikwama mengine hayana kazi.

Idadi ya mifuko unayoruhusiwa hufuata ekari na zao vilivyoandikwa kwenye mfumo wa usajili wa wakulima, ule wa KIAMIS. Aliye kwenye depo hana uwezo wa kukuongezea hata mfuko mmoja, hata akuonee huruma vipi. Yeye anaona kile kilichoandikwa tu, kwa hiyo usimalize nauli kwenda kubishana naye getini. Rudi ulikosajiliwa: ofisi ya chifu au naibu wake, na afisa wa kilimo wa wadi. Usajili ni bure na marekebisho ni bure. Atakayekuomba pesa ya kukuandika, au namba yako ya siri ya M-Pesa, huyo ni tapeli.

Nenda na kitambulisho halisi, si picha ya simu. Nenda na simu yenyewe ikiwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lako na kitambulisho hicho hicho. Hapa ndipo wengi huangukia: laini ni ya mke, au ya kijana aliyeko Mombasa, basi vocha inatua kwenye simu ya mtu mwingine na msimu unapita. Andika pia kwenye karatasi, kabla hujatoka nyumbani, ukubwa wa kila kipande na zao lake: mahindi ekari 2, ufuta ekari 1. Usiseme "kama ekari tatu hivi". Karani akisikia "kama" ataandika anachodhani.

Maelezo yakishaingizwa, mwombe akusomee kabla ya kuhifadhi. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu tarakimu kwa tarakimu, wadi, zao, ekari. Nukta ndogo ndiyo iliyokuponza wewe: 3 na 0.3 kwenye kioo kidogo cha simu, juani, ni rahisi mno kuchanganya. Mwombe akugeuzie kioo uone kwa macho yako.

Kuhusu hati ya babu: huu ni usajili wa mkulima na anacholima, hauhamishi ardhi wala hauthibitishi umiliki. Anayelima kwa kukodi naye huandikwa. Jambo la kuangalia ni wewe na ndugu yako msiandikishe ekari zile zile mara mbili. Kila mmoja aandikishe kipande anacholima yeye, jumla isizidi shamba. Mkirudufisha, mtashukiwa wote wawili, na kusafisha hilo ni kazi kubwa kuliko kusahihisha nukta.

Baada ya siku chache piga *707# kwa laini hiyo hiyo uone mfumo unasemaje. Usikae kungoja ujumbe. Ujumbe hupotea, na ukiwa huna mtandao siku mbili tatu hutajua kama ulitumwa.

---

Fundi Mbolea, Mpeketoni

La pili nitalijibu mimi, na nitakwenda polepole kwa sababu hapa ndipo pesa ya ruzuku inapotelea mchangani, kihalisia.

Ile manjano ya mkuki kuanzia nchani mwa jani la chini, ikishuka katikati, ni njaa ya nitrojeni. Ingekuwa kingo za jani la chini zinakauka na kuwa kahawia kama zilizoguswa na moto, ningesema potasiamu. Zambarau kwenye kingo za majani mche ukiwa mchanga ni fosforasi. Kwa hiyo shamba lako limekwambia: lilipata chakula cha kuanzia, likakosa cha katikati. Nitrojeni ilishuka na maji ikapita mizizi. Mchanga hauna cha kuishikia.

Sasa bei. Mpango ulipoanza Septemba 2022, DAP na urea zilikuwa 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, CAN 2,875. Agosti 2023 zikashushwa zote zikawa 2,500. Hapo hesabu ilibadilika kabisa, ila watu wengi hawakubadilika nayo. Mifuko yote ikiwa bei moja, unalipia uzito wa mfuko, lakini mmea unakula kilichomo:

DAP (18:46, yaani asilimia ya nitrojeni na ya fosfeti, ambayo ndiyo fosforasi) ina kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti.
NPK 23:23:0 ina kilo 11.5 na 11.5.
NPK 17:17:17 ina kilo 8.5 za kila kimoja, pamoja na potasiamu.
CAN (26) ina kilo 13 za nitrojeni. Gawa 2,500 kwa 13: kila kilo ya nitrojeni ni shilingi 192.
Urea (46) ina kilo 23. Kila kilo ni shilingi 109.
Salfeti ya amonia (21) ina kilo 10.5, shilingi 238 kwa kilo, ingawa inakupa na salfa. Isitumike mwaka hadi mwaka kwenye mchanga, huongeza uchachu wa udongo.

Mfuko mmoja wa urea unakaribia mifuko miwili ya CAN kwa nitrojeni, 23 dhidi ya 26. Kwa ekari zako 2 za mahindi ningechukua DAP 2 na urea 1. Mifuko mitatu, 7,500. Kwa mazoea ya jirani zako ni minne, 10,000, na mfuko wa nne unaulipia na usafiri pia.

Kupandia: mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 50, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hiyo ni mashimo kama 10,790. Mfuko mmoja wa DAP ukigawanywa humo ni gramu 4.6 kwa shimo. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa juu kinachukua karibu gramu 5 za DAP. Basi kifuniko kimoja kwa shimo, kikiwa sawa na kingo, kisirundikwe. Vifuniko havilingani na punje hazilingani, kwa hiyo pima: chota vifuniko 20, peleka kwenye mizani ya dukani, gawa kwa 20. Ikitoka 6, jaza pungufu. Dakika tano hizo zinakuokolea robo mfuko.

DAP isiguse mbegu. Ikiyeyuka hutoa amonia, na kwenye mchanga hakuna kitu cha kuipunguza makali. Mche hutoka na mzizi wenye ncha iliyoungua, au hautoki kabisa, kisha mtu analaumu mbegu. Weka mbolea chini ya shimo, funika na udongo wa vidole viwili, halafu ndio mbegu.

Kukuzia: gawa urea mara mbili. Nusu ya kwanza wiki ya 3, nusu ya pili wiki ya 6, kabla mbelewele hazijachungulia. Mstari wa sentimita 75 unakupa mita 5,396 za mstari kwa ekari, ekari mbili ni mita 10,792. Nusu mfuko humo ni gramu 2.3 kwa kila mita. Urea ni nyepesi, kifuniko sawasawa ni kama gramu 4, basi kifuniko kimoja kinatembea hatua mbili fupi, mita 1 na robo tatu hivi. Piga mfereji mwembamba wa kina cha vidole vitatu, kando ya mstari kwa upana wa kiganja, mwaga, fukia.

---

Mama Magarini

Fundi, hesabu yako naikubali mpaka kwenye urea. Hapo naomba tusimame.

Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na jua la huku pwani, inageuka mvuke wa amonia na kuondoka. Umesema ifukiwe, vizuri, lakini ni mita 10,792 za mfereji, mara mbili. Mkulima anapoona kazi hiyo, na vibarua wanadai, anachofanya ni kumwaga juu na kutumaini mvua. Akifanya hivyo ile nafuu ya 109 kwa 192 imeishia hewani. CAN haina ugonjwa huo. Ukiimwaga juu ya udongo mbichi ukapitisha jembe la palizi, inakaa. Tena ina chokaa ndani, haichachushi mchanga.

Kwa mtu mwenye mikono ya kutosha nyumbani, urea. Kwa mtu wa vibarua, CAN, hata kama ni mfuko wa ziada. Mimi nisingemwandikia kila mtu dawa moja.

---

Fundi Mbolea, Mpeketoni

Mama Magarini, nakubali hoja ya mvuke, ndiyo udhaifu mkubwa wa urea. Lakini CAN nayo nusu ya nitrojeni yake imekuja tayari kama naitreti, na hiyo ndiyo inayoshuka na maji upesi kuliko zote. Mvua moja kubwa ya Mei siku mbili baada ya kuweka CAN kwenye mchanga wa Hongwe, umepoteza sehemu. Urea inapewa nafasi ya siku kadhaa kabla haijafika hali hiyo. Ndiyo maana hata mwenye CAN lazima agawe mara mbili. Wengi huweka mara moja.

Njia ya kupunguza kazi: fanya mfereji wa urea siku ile ile ya palizi. Anayepalilia anatangulia, wa pili anamwaga, wa tatu anarudisha udongo kwa mguu. Palizi ya kwanza huangukia wiki ya 3 hata hivyo. Mkulima asiye na watu watatu siku hiyo, achukue CAN, hapo nakubaliana nawe.

Na kitu kimoja nisichotaka mtu akosee: kama una masalio ya CAN na masalio ya urea, usiyachanganye kwenye ndoo moja. Zikikutana zinafyonza unyevu wa hewa kwa kasi ya kushangaza, na kwa hewa ya pwani unarudi saa chache baadaye unakuta uji. Huo uji haugawanyiki kwa kifuniko wala kwa mkono.

---

Mchanga wa Hongwe

Shukran sana, nimeandika yote. Watu wa mfereji ninao, tuko wanne nyumbani, kwa hiyo urea inawezekana.

Maswali mawili yamebaki. Marekebisho yakichelewa mpaka kupanda nikabaki na haki ya mfuko mmoja tu, huo mmoja uwe upi na niutumieje? Na ekari ya ufuta niiwekee nini?

---

Fundi Mbolea, Mpeketoni

Mfuko mmoja: chukua NPK 23:23:0, kwa sababu una vyote viwili, nitrojeni na fosfeti. Gramu 2.3 kwa shimo zinakutosha ekari mbili, yaani nusu kifuniko. Kidogo kidogo karibu na mzizi kwenye ekari zote mbili kinakupa jumla kubwa kuliko kulishibisha ekari moja na kuiacha nyingine na njaa, maana nusu kifuniko cha kwanza ndicho kinachofanya kazi kubwa zaidi. Ongeza samadi iliyooza vizuri, konzi mbili kwa shimo. Wafugaji wa upande wa Witu wanayo maboma yamejaa. Samadi ndiyo itakayoushikia mchanga maji na mbolea, na kwa kweli ningeitafuta hata ningekuwa na mifuko kumi.

Ufuta: usiumalizie vocha. Ukipandwa pale palipokuwa na mahindi yenye mbolea msimu uliopita, unakula masalio. Nitrojeni nyingi huupeleka kwenye majani na urefu, unaanguka kwa upepo. Kama majani yamepauka wiki ya 3 au ya 4, robo mfuko wa NPK kwa ekari yote inatosha. Unachopaswa kuuangalia ufuta ni maji yasituame, na kwako hilo si tatizo.

Potasiamu sijaiweka kwenye mpango wako kwa sababu dalili ulizotaja si zake, ingawa mchanga wa pwani mara nyingi huipungukiwa. Kabla ya kununua kwa kubahatisha, pima udongo. Tembea shambani kwa zigizaga, chota sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, toa nusu kilo, anika kivulini. Usichote penye kichuguu, palipochomwa taka wala palipolala ng'ombe. KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, wana kituo Mtwapa. Afisa wa wadi atakuelekeza njia ya kufikisha sampuli.

---

Mama Magarini

La tatu, usafiri. Kanuni ni fupi: chukua bei ya mfuko ule ule kwenye duka lako la karibu leo, toa 2,500. Zidisha kwa idadi ya mifuko. Hicho ndicho kiasi ruzuku inachokupa. Toa nauli yako kwenda na kurudi, usafiri wa mifuko, na kibarua cha siku uliyopoteza. Kikibaki kitu, nenda. Kwa mfuko mmoja na depo ya mbali, mara nyingi hakibaki kitu, na si aibu kununua dukani. Kwa mitatu inaanza kulipa.

Inalipa hasa mkienda kwa kundi. Kenta ya tani 3 inabeba mifuko 60, hiyo ni watu 20 wa mitatu mitatu. Tuseme gari ni 9,000, mfuko unabeba 150. Pikipiki inabeba mifuko miwili, na barabara ikiwa mbichi unaanguka nayo. Kila mtu ajilipie vocha yake kwa simu yake mwenyewe, msikusanye pesa kwa mtu mmoja. Uulizeni kwanza kama aina mnayotaka ipo ghalani siku hiyo, na mpige tena asubuhi ya safari. Mkifika mkakuta urea imekwisha, mtachukua chochote kilichopo, na hapo ndipo mtu anarudi na DAP mbili za kukuzia mahindi. Fosforasi ya juu juu mahindi yakiwa kiunoni haimsaidii.

Chama cha ushirika kilichoidhinishwa kugawa mbolea kikiwa karibu yenu kuliko depo, anzieni huko.

Sasa mfuko wenyewe, maana yaliyotokea mwaka 2024 hatuwezi kuyasahau. Wakulima walilipia mbolea kupitia mpango huu huu, ikaja kubainika kuna mifuko isiyofikia kiwango kabisa. Watu walipoteza msimu mzima. Kwa hiyo kagueni kabla gari halijang'oa:

Tazama mshono wa mdomo. Mfuko wa kiwandani una safu moja ya matundu. Ukiona safu mbili, au uzi wa rangi tofauti, huenda umefunguliwa ukashonwa upya. Pima miwili mitatu kwa mizani, iwe kilo 50. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, soma namba iliyo chini yake, tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023. Jibu litakuja na jina la bidhaa na mwenye kibali. Yalinganishe na yaliyo kwenye mfuko, neno kwa neno.

Nyumbani, chukua glasi moja ya maji na kijiko kimoja kwa kila aina. Urea huyeyuka yote na glasi inakuwa baridi mkononi. CAN huacha tope jeupe la chokaa chini, hilo ni la kawaida, na ukiikamulia ndimu punje hutoa povu. DAP huyeyuka karibu yote, masalio machache laini. Ukiikamulia ndimu isifanye povu. Isugue kiganjani na chokaa kidogo iliyoloanishwa, lazima inuke amonia kali, ikutoe machozi. Ikibaki changarawe na mchanga chini ya glasi, usiimwage shambani. Piga picha mfuko, hifadhi risiti na ujumbe wa vocha, weka kilo mbili kwenye mfuko uliofungwa kama ushahidi, na uripoti kwa afisa wa kilimo siku hiyo hiyo. Rangi peke yake isikudanganye wala kukutisha, punje hupakwa rangi tofauti tofauti.

---

Nahodha wa Faza

Niongeze kwa sisi wa visiwani, Pate, Siyu na Faza, kwa kuwa mbolea yetu inapanda chombo Mokowe.

Mbao za chini za mashua haziishi maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo. Mfuko ukiwekwa hapo kwa safari moja tu, chumvi na maji vinapenya kwenye mshono na CAN inafika kama jiwe. Tandika mbao juu ya mataruma (mbavu za chombo), panga mifuko ikiwa imelala, mdomo ukielekea ndani, funika turubai na ulifunge pande zote kwa kamba. Usiipakie siku moja na saruji wala mafuta ya taa.

Nyumbani usiiweke kwenye sakafu wala ikigusa ukuta wa mawe, ukuta wa matumbawe unatoa jasho msimu wa mvua. Vipande vya mti chini, nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani, mbali na mbegu. Mfuko uliofunguliwa kunja mdomo, funga kwa mpira, uingize ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. CAN ndiyo yenye tabu zaidi, urea inafuata, DAP inavumilia. Iliyoganda si lazima iwe imekufa, ipondeponde ndani ya mfuko kwa mti na uitumie kwanza.

---

Karani wa Wadi

Ndugu wa Hongwe, jambo la muda nililosahau. Masika huku huanza Aprili na Mei ndio kilele. DAP inatakiwa iwe ndani ya nyumba katikati ya Machi. Ukihesabu kurudi nyuma, nafasi ya marekebisho ni Januari, mwisho Februari. Baada ya hapo ofisi zinajaa, na kila mtu ana kosa lake la kusahihishiwa.

Kwa mbegu pia: pakiti ya PH4 ina kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, shirika linalokagua mbegu. Kwangua, tuma namba hiyo kwenda 1393 kabla hujalipa. Ekari moja inataka kilo 8 hadi 10, kwa hiyo kwako ni 16 hadi 20. Muuzaji asiyetaka ukwangue mbele yake, ondoka dukani kwake.

Na mwambie ndugu yako aje na kitambulisho chake siku hiyo hiyo utakayokwenda wewe, vipande viwili vya shamba viandikwe mkiwa mmesimama pamoja.

---

Mchanga wa Hongwe

Nimewaelewa. Ndugu yangu amekubali, tunakwenda Jumatatu: mimi ekari 3, yeye 2, jumla 5 kama shamba lilivyo. Pamoja nami tuko 11 tuliokubali kenta ya pamoja, tunatafuta 9 wengine kutoka Hongwe na Bahari. Aliye tayari aandike hapa aina na idadi ya mifuko yake.